Kiti Kutoka Keko

Niwatoe wasiwasi mapema: goti limeshafanyiwa upasuaji, na linakunjika. Walinichoma ganzi ya mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka chini nikawa si wangu, nikasikia watu wanagonga nyundo upande wa pili wa pazia, nikasinzia, kuamka mguu umeviringwa bandeji. Kesho yake nikasimamishwa nitembee. Hapo hakuna cha kusimulia. Kisa kilikuwa kabla, nyumbani kwangu Buguruni, wakati binti yangu anafanya kile alichokiita maandalizi.

Kwa wasionijua, mimi ni mama vitumbua. Miaka nenda rudi nimekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, na kabla ya kigoda nakaa kwenye mbuzi nakuna nazi, magoti yako juu, kichwa kiko chini. Daktari alipoitazama picha akasema gegedu limekwisha, ile kinga laini inayokaa katikati ili mifupa isisuguane, sasa mfupa unasaga mfupa. Wangeondoa ncha zilizolika, waweke chuma juu, chuma chini, na plastiki ngumu katikati. Dada yangu, aliyetoka Tanga kuja kuniuguza, akamwuliza daktari kama wameshajaribu bamia.

Mtu ukiumwa goti Dar es Salaam utakula bamia upende usipende. Hoja ni kwamba bamia ina ute, goti lina ute, kwa hiyo mambo yamekwisha. Nimepewa maji ya bamia, mbegu za bamia, bamia mbichi ya kutafuna asubuhi. Konda mmoja wa daladala aliniona napanda kwa shida, akanishauri supu ya makongoro, na abiria wakagawanyika pale pale, bamia upande mmoja, makongoro upande mwingine, mpaka nikapitishwa kituo. Daktari alimjibu dada kwa upole kwamba bamia ni mboga nzuri, lakini ikifika tumboni inasagwa na kuwa chakula tu, haina njia yake ya peke yake ya kwenda gotini. Dada akaninong'oneza, "Huyu bado mdogo."

Basi tukapewa karatasi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mpole mwenye mikono migumu. Imeandikwa yote ya kufanya nyumbani kabla ya kulazwa. Binti yangu akaibandika kwenye friji kwa gundi ya karatasi, na tangu dakika hiyo akawa mkuu wa wilaya.

Mikeka yote ikakunjwa, kwa sababu mtu anayetembelea magongo akinasa ukingo wa mkeka anakwenda chini na goti lake jipya. Jirani akaona mikeka imesimamishwa barazani, akaja kuniuliza taratibu kama mwenye nyumba ametupa notisi. Nyaya zikabanwa ukutani, feni ikabaki inapuliza kabati. Vitu vya kila siku vinatakiwa viwe usawa wa kiuno, nisiiname wala nisijinyooshe, kwa hiyo chumvi, sukari, dawa, tochi, udi na chaja vikapangwa juu ya meza moja ya sebuleni, na mtoto wa mtaani akaingia akiulizia kiberiti cha mia. Viti vifupi marufuku. Kigoda kikachukuliwa. Mbuzi yangu ya nazi ikapandishwa juu ya kabati, na jioni hiyo tukala wali mkavu.

Dada alitaka kuninyoa miguu kwa wembe ili niende safi. Binti akampokonya: goti halinyolewi nyumbani, mkwaruzo mdogo tu ni mlango wa vijidudu, na ukikutwa na kidonda unarudishwa. Hina ya vidoleni nayo hapana, kwa sababu kile kibanio cha kupima oksijeni hakielewani na rangi. Meno yakaguliwe, maana jino bovu nalo ni usaha, na usaha unasafiri na damu. Dada akauliza kama mgonjwa anakwenda hospitali au anakwenda jeshini.

Mazoezi, kwa kweli, niliyapenda. Unalala chali, unakandamiza nyuma ya goti kwenye godoro, unabana paja, unahesabu mpaka tano, unaachia. Misuli ya mbele ya paja ikipata nguvu kabla, baadaye mtu anainuka mapema. Mhesabuji wangu alikuwa mjukuu wa darasa la pili, na kila akifika tatu anakumbuka jambo la shuleni, anasimulia, kisha anaanza upya na moja. Lile paja lilibanwa, jamani.

Halafu sofa. Kanuni ni kwamba ukikaa goti lisipande juu ya nyonga, na sofa langu ni la kuzama. Binti akaleta matofali akayaweka chini ya miguu ya sofa, akaona haitoshi, akaongeza mengine, na juu akatandika godoro la mtoto. Kukaa nikawa napandishwa. Miguu inaning'inia hewani, na kushuka bila mtu wa kunipokea ni kujitakia makubwa. Karatasi ilisema pia kwamba nyayo zikanyage sakafu, ila mstari huo ulikuwa umefunikwa na gundi.

Sasa tufike chooni. Choo changu kiko uani, ni cha kuchuchumaa. Msichana wa mazoezi aliniambia kuchuchumaa nisahau: goti la chuma likikunjika nyuzi 90 unakaa kwenye kiti vizuri, likifika 120 unashukuru Mungu, na kuchuchumaa kunataka zaidi ya hapo. Vipo viti vya dukani vya kazi hiyo, vya bomba, vina tundu katikati na ndoo chini yake. Dada alipotajiwa bei alitafuta pa kukaa. "Keko pale mafundi wamejaa," akasema. "Wanatengeneza vitanda vya maharusi, vitano vitano kwa siku, watashindwa kiti chenye tundu?" Akampigia fundi mmoja, kijana wa kwao Tanga. Fundi akaelewa yote kwa haraka ya kutia shaka: kiti kirefu, mikono imara ya kujiinulia, tundu katikati. Akataka jambo moja tu.

"Niletee hicho chombo kitakachokaa chini, nichukue kipimo."

"Ni ndoo ndogo, ya lita kumi."

"Mama, usinitajie lita. Niletee chombo chenyewe."

Na siku hiyo, baada ya ukame mrefu, maji yalikuwa yametoka. Wenyeji wa hapa mnajua. Maji yakitoka, nyumba nzima inakimbia na chochote chenye kitako. Sufuria, jagi, hotipoti, hata chupa ya chai inapangiwa foleni. Ndoo ya lita kumi ilikuwa chini ya bomba na dada yangu ameisimamia kiuno mkononi. Mjukuu alipotumwa kuichukua ampe kijana wa bodaboda, akafukuzwa. Mtoto ana akili yake. Akachukua chombo pekee kilichokuwa kitupu muda huo, akampa kijana, kijana akaondoka nacho kuelekea Keko.

Lilikuwa beseni la kufulia.

Kiti kilirudi juu ya guta. Mtaa ulitoka kukiangalia. Mninga mtupu, mgongo umechongwa ua, mikono mipana ya kuwekea kikombe, vanishi unajiona uso. Katikati sasa. Mjukuu aliingiza kichwa, akaingiza mabega, akatokea chini ya kiti bila kugusa mbao.

Binti akampigia fundi kwa hasira. Akaweka sauti tusikie wote.

"Dada, mimi nililetewa beseni," fundi akasema. "Nikajua mama mwenyewe ana mwili. Sikuuliza, nikaona si adabu."

Akaahidi kesho atakuja na duara la mbao alipunguze. Kesho ya fundi wa Dar es Salaam kila mtu anaijua urefu wake, kwa hiyo kiti kikahesabiwa kuwa mkazi wa kudumu. Mlango wa chumbani hakikupita. Kikabaki sebuleni karibu na dirisha, na dada akasema tundu la choo haliwezi kukaa linatazama watu. Akaweka mto wa sofa juu yake, akafunika kwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano, akakichomeka vizuri pembeni. Kikapendeza, sitaki uongo. Kikawa ndicho kiti kizuri kuliko vyote katika nyumba ile.

Wakwe walitarajiwa Jumapili. Wakaja Jumamosi adhuhuri, kutoka Mbagala, na mapapai na nazi, kunipa pole kabla sijalazwa. Mkwe wangu, baba wa mume wa binti yangu mkubwa, ni mzee wa heshima zake: kanzu, koti, kofia ya viua, bakora. Mtu wa maneno machache na kilo nyingi. Mkewe akapitiliza uani kwa wanawake wenzake. Binti akakimbilia dukani kutafuta soda ya baridi. Tukabaki wawili, mimi juu ya matofali yangu, mzee amesimama katikati ya chumba anaangalia pa kukaa. Kulikuwa na viti viwili vya plastiki, kimoja kina nyufa. Na kulikuwa na kile. Wewe ungekaa wapi?

"Mkwe, hicho..." nikasema.

"Nimekiona, mkwe wangu, usihangaike," akasema, akakusanya kanzu, akakaa.

Mto ndio uliotangulia. Ulitoa sauti, puu, ukaangukia sakafuni chini ya kiti. Mzee angeufuata moja kwa moja, lakini dada alikuwa amekichomeka kitambaa sawasawa, kikamshikilia. Kwa hiyo hakuanguka. Alishuka. Taratibu, kidogo kidogo, na sisi tukiwa tumeshaanza salamu.

"Habari za hapa, mkwe wangu?"

"Njema, mkwe. Za Mbagala?"

"Mbagala salama." Akashuka.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo wote." Akashuka tena, kitambaa kikalia.

"Na mvua huko kwenu?"

"Mvua ilinyesha... ilinyesha kidogo... juzi."

Wakati huo magoti yake yalikuwa usawa wa kidevu na makubadhi yanatazama dari. Kofia imeteremka kwenye nyusi. Mikono miwili ameshika mikono ya kiti, na uso ule ule wa mtu aliyekuja kumpa pole mgonjwa. Mimi nifanye nini? Kati ya wakwe kuna mambo hayatajwi, na makalio ya mkwe yaliyonasa ni la kwanza kwenye orodha. Kumsaidia siwezi, nikiruka kutoka pale juu, wiki ijayo daktari anapasua magoti mawili. Kuita watu siwezi, maana kuita ni kutaja. Tukaendelea na salamu, mmoja hawezi kushuka, mwingine hawezi kupanda. Nikaulizia bei ya mihogo. Akanijibu. Nikaulizia barabara yao. Akanieleza kwa kirefu, pumzi zikikatika.

Mjukuu akaingia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akamtazama. Akazunguka nyuma ya kiti, akachungulia chini, akarudi mbele, akamtazama tena. Kisha akatimua mbio kwenda uani, na sauti yake nikaisikia imefika mpaka kwa majirani:

"Bibiii! Babu ameingia chooni!"

Na dada yangu, huko aliko na mwiko wake, akajibu bila kugeuka, "Sasa unapiga kelele za nini? Mwache amalize!"

"Hatoki!"

"Mpelekee maji!"

Mtoto mtiifu yule. Nikamsikia anachota. Akarudi na kopo limejaa, analibeba kwa mikono miwili asimwage, akaliweka chini karibu na mguu wa kiti, akasimama pembeni kwa adabu.

Mzee akalitazama kopo. Akalitazama muda mrefu. Halafu akageuza shingo kunielekea, kadiri shingo ilivyoweza.

"Mkwe wangu. Hiki kiti ni cha nini?"

"Cha mazoezi, mkwe," nikasema. "Ya goti."

"Ndiyo," akasema. "Nayasikia."

Hapo binti akaingia na soda, na sitarudia neno alilolitamka mbele ya wazee. Akamshika mzee mikono, akavuta. Kiti kikaja pamoja na mzee. Akakumbuka mafunzo ya kupanda ngazi tuliyofundishwa, kwamba kupanda unatanguliza mguu mzima na kushuka unatanguliza mgonjwa, akaanza kuamuru, "Baba, mguu mzima kwanza! Mguu mzima kwanza!" Mzee akamjibu kutoka mule ndani, "Yote mizima, mwanangu. Tatizo si miguu." Mkewe akaja kutoka uani, akasimama mlangoni, akaangalia kiti, akaangalia kopo, akasema, "Inuka basi, baba, watu wanaona," kana kwamba mwenzake alikuwa amependa tu. Dada akaja na chupa ya mafuta ya nazi na nia njema, lakini mama mkwe akasimama katikati: kanzu ile ni ya Idi, haipakwi mafuta.

Wakaitwa vijana wa bodaboda kutoka kijiweni. Wanne. Mmoja wao ndiye aliyelibeba lile beseni siku ile, na alipoingia alikitambua kiti, akatafuta pa kuangalia. Wakamwinua mzee, mmoja kila upande, kiti kikamng'ang'ania mgongoni, akasimama ameinama pale sebuleni kama kobe, bakora mkononi, anauliza mlango uko wapi apate hewa. Kijana mmoja akaanza kutoa simu mfukoni. Mama mkwe akamtazama. Simu ikarudi yenyewe.

Na katika hali hiyo tukasikia hodi. Fundi wa Keko. Alisema kesho, na akaja kesho. Mimi nimejenga chumba, nimeezeka bati, nimeshonesha sare za harusi, sijawahi kuona fundi wa jambo hilo. Ameshika duara lake la mbao kwapani na msumeno mkononi. Akaingia, akamzunguka mzee mara moja, akainama, akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti.

"Nani amekwaruza vanishi?"

Nusura binti amrukie. Tukamweleza akate. Akasema mninga haukatwi hivi hivi, mbao ya mbele imechomekwa kwa ulimi na gundi, si misumari ya kung'oa. Kazi yake si ya kubomoka. Aliisema hiyo kwa fahari, na mzee akiwa bado ndani ya fahari hiyo. Mwishowe akapiga goti (la kwake zima), akakata mbao ya mbele pande zote mbili kwa uangalifu ambao sijauona hata hospitali, kanzu ikiwa imekunjwa na kushikwa na watu watatu. Mbao ikatoka. Mzee akatoka nayo.

Hakuna aliyecheka. Nataka hili lieleweke, maana mtaani wanasema vingine. Dada alikimbilia uani kwa sababu aliacha kitu jikoni. Vijana wa bodaboda waliondoka kwa pamoja kwa sababu walikuwa na abiria. Mzee akanyoosha kanzu, akaweka kofia sawa, akaangalia viti, akavuta kile cha plastiki kisicho na nyufa, akakijaribu kwa mkono kwanza, akabonyeza mara mbili, akakaa. Akapokea soda yake.

"Tulikuwa tumefika kwenye barabara," akaniambia, na akaendelea pale pale alipoachia.

Fundi akafanya kazi yake barazani, akarudisha mbao ya mbele, akagongomea duara, tundu likawa la ndoo ya lita kumi kama lilivyotakiwa tangu mwanzo. Hatimaye akaja na hesabu, ameiandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao: duara 8,000, mbao ya mbele 12,000, vanishi 5,000, kutoa mzee 10,000.

Dada akatoka uani, macho bado yana machozi ya vitunguu, akaisoma kwa sauti bila kukusudia. "Kutoa mzee elfu kumi? Wakati vijana walishamtoa nusu?"

"Nusu ile ndiyo rahisi, mama."

"Elfu tano."

"Mama, mimi nililetewa beseni. Kosa si langu. Ningeletewa ndoo, leo nisingekata, na mzee angekaa zake juu kabisa."

"Elfu sita, na hiyo ni kwa sababu wewe ni wa kwetu."

Mkwe wangu akaweka chupa ya soda chini. Chumba kikanyamaza, tangu aingie, ndiyo mara ya kwanza alikuwa anataka kusema jambo lisilo salamu.

"Mpeni yote," akasema. "Na aniandikie namba yake. Goti langu la kulia nalo linasaga, nitahitaji kiti." Akamgeukia fundi. "Ila ndoo nitakuletea mwenyewe."